Sura Iliyotoka Kwenye Oveni

Video zote nilizojifunzia zilisema siagi iwe ya joto la chumba. Nikatii. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kutii maelekezo, kwa sababu naogopa kinachompata asiyeyafuata. Asubuhi nikatoa siagi, nikaiweka mezani kwenye chumba changu cha kupanga Mbagala, chini ya bati lisilo na dari, na niliporudi niliikuta imekuwa mafuta. Sikujua kwamba wale watu wa kwenye video wanaishi nchi ambazo siagi ikiachwa mezani hubaki siagi. Nilidhani kosa ni langu. Nilidhani mikono yangu ina joto baya.

Siku hizi watu wakiniuliza wanunue vifaa gani ili biskuti zao za nyumbani zitoke vizuri, huwajibu haraka haraka: mizani, chekeche, kipimajoto cha ndani ya oveni, trei isiyo nyeusi, na friji ya kupozea unga. Wananishukuru na kuondoka. Nilivyojifunza umuhimu wa kila kimoja sijawahi kumweleza mtu.

Nilikuwa na chumba kimoja na kibaraza, na kibaraza ndicho kilikuwa jiko. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mjane, mtu wa pwani hii hii, aliyeishi vyumba vya mbele na kuuza barafu za ubuyu kutoka kwenye friza lake. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya kupanga bidhaa dukani, maana nilifika mahali nikawa nazipanga upya huku wateja wamezishika. Nikaamua kuoka. Oveni yangu ilikuwa ya umeme, ndogo, ya mtumba, na namba za kwenye kitufe cha moto zilikuwa zimefutwa zote na vidole vya watu nisiowajua. Ikabidi nikadirie. Kwangu kukadiria ni adhabu. Mimi nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama nimechomoa pasi, na nikifika barabarani hurudi tena kuangalia kama kweli niliangalia.

Chumba cha nyuma alikaa fundi wa kuchonga, mzee kutoka kusini, aliyekuwa kwenye nyumba ile miaka mingi kabla yangu. Nilimwomba anichongee kibao cha kuchapia biskuti: kipande cha mti mgumu, cha duara, chenye ua upande mmoja. Unakibonyeza juu ya donge la unga, ua linabaki. Nikampa mchoro.

"Dogo, ua hili umelipima kwa rula?"

"Ndiyo, fundi. Petali tano, kikonyo, majani mawili chini."

"Na Mungu alipoumba maua alitumia rula gani?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanaume mzima! Ukioa utampimia mkeo chumvi kwa kijiko, atakukimbia kabla mchuzi haujachemka."

Pamoja na maneno hayo alichonga kama nilivyochora. Nilikikagua kwa rula pia, alipokuwa hanioni.

Mara ya kwanza nilioka mchana, ule muda wa baada ya adhuhuri ambapo mtaa wetu hunyamaza ghafla, hata kuku hujificha jua. Niligonga maua yangu, yakakaa vizuri kwenye trei. Niliogopa kuunguza, nikaweka moto mdogo. Kisha nikageuza ndoo, nikaikalia, nikawa natazama kupitia kioo.

Unga ulianza kulegea. Petali mbili za juu zikazama, zikaacha mashimo. Kikonyo kikavimba. Majani mawili ya chini yakasogeleana mpaka yakawa mstari. Nilipovuta trei, kila biskuti ilikuwa inanitazama.

Nataka nieleweke. Sisemi zilifanana na uso kwa mbali, kama wingu linavyofanana na ng'ombe. Ulikuwa uso wa kijana mmoja, yule yule, trei nzima. Mashavu membamba, kidevu kirefu, macho wazi. Na juu ya jicho la kushoto nyusi ilikuwa imekatika katikati, kama mtu aliyewahi kupasuka pale akashonwa.

Sikuogopa kwanza. Niliona aibu. Nilikuwa nimetaka maua. Ningezitupa zote kama ningekuwa peke yangu, ila asubuhi ile nilikuwa nimeletewa sahani ya vitumbua na mama mwenye nyumba, na sahani ya mtu hairudi tupu. Nikachagua zilizotoka vizuri kidogo, nikazifunika kwa kitambaa, nikaenda mbele.

Nilimkuta ukumbini anafunga vifuko vya ubuyu.

"Shikamoo, mama. Nimeleta sahani. Zimeharibika, unisamehe tu, zilitakiwa ziwe maua."

"Marahaba, baba. Wewe kwako kila kitu kimeharibika. Hebu lete." Akafunua kitambaa, na mkono wake ukabaki hewani. "Umempata wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyu." Hakuwa ananitazama. "Nani kakwambia kuhusu hii nyusi?"

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa na mtoto wa kiume, mmoja tu, aliyeondoka na wenzake kwenda Sauzi kwa njia ya barabara kabla mimi sijahamia. Alipiga simu akiwa mpakani. Hakusikika tena. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya mama, na simu ikachomolewa sokoni.

"Hata sura ilikuwa imeanza kunitoka," aliniambia. "Nikifumba macho namuona mgongo tu, anatoka na begi." Akaishika biskuti kwa vidole viwili, kama kitu kibichi. "Yuko hai. Macho si yako wazi? Basi yuko hai."

Nilirudi nyuma nikamfuata fundi. Alimjua yule kijana, aliishi naye nyumba moja tangu akiwa mdogo.

"Ile nyusi aliipasua kwenye bomba hapo nje," alisema. "Mie ndiye niliyempeleka kushonwa. Kwa nini?"

"Ulimchonga kwenye kibao changu?"

Alichukua kibao, akakigeuza kwenye jua, akapitisha kidole gumba kila mahali, taratibu, kama anavyofanya kwa kinyago kilichokwisha. "Hapa pana ua," alisema. Nikampa biskuti. Aliitazama kidogo, kisha akaiweka juu ya gogo, uso chini.

"Mie nimechonga ua, mwanangu. Hilo linalotoka kwenye moto usinifuate nalo."

Tangu siku ile hakunitania tena, na kutotaniwa kule ndiko kulikoanza kunitisha.

Mama akawa anataka nioke kila mara. Biskuti moja aliiweka kwenye meza ndogo karibu na kitanda chake, chini ya kawa ya kufunikia chakula, na ilipokauka akaihifadhi kwenye kopo la bati na kuweka mpya. Mbagala sisimizi wanakula kila kitu, hata sabuni. Niliwaona kwa macho yangu wakipanda mguu wa meza ile kwa mstari, wakafika kwenye kawa, wakazunguka, wakashuka upande wa pili. Na mchana, mtaa ukinyamaza, nilimsikia mama kupitia ukutani. Alikuwa anauliza umekula nini, unalala wapi, huko kuna baridi. Baada ya kila swali alinyamaza kwa muda ule ule ambao mtu angehitaji kumjibu.

Mimi nilikuwa bado nataka ua langu. Nalisema hili kwa aibu: mama mzima alikuwa anaongea na mwanawe, na mimi nilichoumia ni kwamba biskuti zangu zina kasoro. Nikaanza kununua vifaa.

Nilianza na mizani. Kabla ya hapo nilikuwa napima kwa kikombe, na kikombe cha unga ulioshindiliwa si sawa na kikombe cha unga uliomwagwa tu. Nilipoanza kupima kwa mizani, unga ukawa ule ule kila mara, na sura nayo ikatulia. Haikuondoka. Nikanunua chekeche, nikachekecha unga mpaka ukawa kama poda, na siku ile nikaona kope. Nikamwomba fundi vijiti viwili vya mbao vya unene mmoja, niviweke kulia na kushoto kwa donge ili mti wa kusukumia usishuke zaidi upande mmoja. Alinipa bila neno. Vilisaidia sana, na ushauri huo nampa kila mtu. Kabla ya vijiti, biskuti nene ilimzeesha, nyembamba ilimkondesha. Baada ya vijiti, wote kwenye trei walikuwa na umri mmoja.

Kisha mafundi wa umeme wakaja kurekebisha nguzo ya mtaani kwetu. Taa ziliwaka zaidi, kila mtu akafurahi. Mimi niliweka kitufe cha oveni pale pale pa siku zote, nikaoka. Nilipovuta trei, macho yalikuwa yamefumba.

Yote. Trei nzima ya kijana amelala, mdomo umelegea kidogo.

Nilitafuta pa kuificha. Lakini harufu ya hiliki niliyotia ungani haifichiki, na mama alikuwa tayari ameshaingia kibarazani. Alisimama. Alichukua pembe ya khanga yake akaifunika trei, polepole, kuanzia upande wa juu, na akarudi ndani.

Siku zilizofuata hakuuza barafu. Watoto walikuja kugonga dirisha, wakagonga tena, wakaondoka. Uji niliompelekea niliukuta pale pale. Kaka yake, mzee anayeishi Bunju, aliitwa, akaja, akakaa naye ukumbini mlango ukiwa wazi.

"Dada, miaka inakwenda. Mtu hasikiki, haonekani. Tumsomee hitima, roho yake itulie na yako itulie."

"Maiti yake umeiona wewe?"

"Sijaiona."

"Basi usinisomee mtu mzima kama maiti."

"Na wewe mbona huli kama uliyefiwa?"

Nilikuwa nyuma ya ukuta, nimeshika chekeche. Mimi nilijua kwa nini mama hali chakula.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo nikanunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni, na hapo nikaelewa. Kitufe kilikuwa kinanidanganya. Moto ulikuwa umepanda sana. Moto mkali uliukausha unga kwa juu kabla haujamaliza kulegea, ukauvuta, mashimo yakafunga. Nikaushusha. Nikakaa kwenye ndoo natazama mshale, nikafungua mlango kidogo ulipopanda, nikaufunga uliposhuka. Macho yakafunguka. Nilimpelekea mama moja ingali ya moto, akaitazama, akaomba chai.

Ningepaswa kufurahi. Lakini tangu siku hiyo sikuwa na amani hata kidogo. Nilikuwa naamka na kugusa siagi, imeyeyuka vya kutosha au bado. Nilipima moto nikiwa naoka, nikaupima oveni ikiwa imezimwa. Mtu nisiyemjua alikuwa ananitazama kupitia kioo, na mimi ndiye niliyekuwa nimezishika kope zake. Mkono ukinitikisika, mama wa watu hali chakula.

Na bado sikuwa nimeona la mwisho. Siku moja nilikuwa nimekwisha kugonga maua kwenye trei, nikaitwa haraka kupeleka oda. Nikaogopa nzi. Nikamwomba mama niiweke trei kwenye friza lake, katikati ya barafu za ubuyu. Niliporudi unga ulikuwa mgumu kama kigae. Sikuwa na subira ya kuungoja ulainike, na kipimajoto kilikuwa kinaonyesha moto ule hasa unaotajwa kwenye maelekezo, kati ya ule wa kumfumbua na ule wa kumfumba. Nikaoka hivyo hivyo.

Yalitoka maua. Petali tano, kikonyo, majani mawili, kingo kali kama mchoro wangu. Zilikuwa biskuti nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na nilijihisi kama mtu aliyefunga mlango na mwenzake yuko nje. Nilizila zote, nimesimama, haraka, mpaka tumbo likauma.

Wiki hiyo hiyo kaka yake akatuma ujumbe: Ijumaa baada ya sala atakuja na ndugu na mwalimu wa madrasa, na jambo liishe. Alhamisi mama akaja kibarazani, akaikalia ndoo yangu.

"Kesho nina wageni. Nitengenezee biskuti nzuri kuliko zote, baba. Na wao wamuone."

Nilikuwa nafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Mama," nikasema, "nikizioka sawasawa hatokei."

"Hatokei nani?"

"Yeye. Anatokea siagi ikiwa imeyeyuka na moto ukiwa mdogo. Moto ukizidi anafumba macho. Unga ukiwa wa baridi na moto ukiwa wake, linatoka ua tu. Nimeshaona."

Nilisikia fundi akisugua msasa chumbani kwake, kisha akaacha.

"Kwa hiyo siku zote hizi yale macho unayafungua wewe."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anifukuze. Ningefunga virago bila kubisha.

"Na ile nyusi?" aliuliza. "Nayo unaikata wewe?"

"Hapana. Ile sijui inatoka wapi. Nimekikagua kibao mara nyingi. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa. "Nimemuuliza kila kitu," alisema. "Umekula, umelala, nani kakuudhi. Ananitazama tu. Mwanangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Mdomo ule! Nilikuwaga namwambia utakuja kupigwa barabarani." Akacheka kidogo, akajifuta uso. "Basi weka unga kwenye friza. Oka sawasawa. Kama ana la kusema, siagi haitamzuia."

Ijumaa alisimama nyuma yangu tangu mwanzo. Nilipima kwa mizani, nikachekecha, nikasukuma kati ya vijiti. Kibao alinipokonya, akabonyeza mwenyewe, kila moja, kwa kiganja chake chote. Trei ikakaa kwenye friza mpaka unga ukawa mgumu. Nikangoja mshale ufike mahali pake. Tulipoiingiza, aliinama kwenye kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akaufuta kwa khanga, akainama tena.

Hakuna kilicholegea. Hakuna kilichozama. Kingo zikaanza kuwa rangi ya asali.

Nilipoitoa trei aliziinua biskuti moja moja, akazigeuza, kama mtu anayemtafuta abiria wake kwenye basi lililokwisha kushusha wote. Alipofika ya mwisho aliishika kwa muda mrefu kuliko nyingine. Kisha akairudisha kwenye nafasi yake, akainyoosha ilingane na wenzake.

"Mazuri," alisema. "Maua mazuri sana, baba."

Aliibeba trei mwenyewe kwenda ukumbini. Nilisikia viatu vikisogezwa mlangoni, kikombe kikiwekwa chini, halafu sauti yake, bila kilio ndani yake:

"Kaka, someni."

Wakasoma. Sauti za wanaume ziliingia kwenye kuta za nyumba nzima, zikafika mpaka kwenye masufuria yangu. Fundi, ambaye si Mwislamu, alikaa nje kwenye kigoda chake, amevua kofia, mpaka walipomaliza. Wakanywa kahawa, wakala. Yule mzee wa Bunju alikuja kunawa kwenye bomba karibu nami.

"Kijana, leo umepatia," alisema. "Hizi ndizo biskuti. Zile nilizoziona kwa dada siku zile, Mungu anisamehe, zilikuwa zinanikodolea macho."

Wageni walipoondoka mama aliniletea lile bati lake, limejaa nyuso kavu. "Hizi zifanye unavyozifanya zilizoharibika," alisema, akarudi ndani akafungua dirisha la barafu.

Zilizoharibika huwa nawapa kuku. Nilisimama na bati lile uani, sijui nielekee wapi, mpaka fundi akaja na jembe bila kuitwa. Alichimba karibu na ukuta, si kina kirefu. Nilipotaka kuzimimina akanizuia kwa mkono. Akapiga magoti, akazichukua moja moja.

"Kibla ni wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Akazipanga zote zikielekea huko.

Sasa nimehamia kwingine, nina oda nyingi, nina friji yangu na vipimajoto viwili, maana kimoja siwezi kukiamini peke yake. Kibao ni kile kile. Tangu Ijumaa ile hakijawahi kunitolea kitu kingine zaidi ya ua. Lakini ziko siku umeme unakatika mchana, friji inaanza kutoa jasho, na nikigusa unga nasikia umeanza kulegea. Siku hizo humwaga trei nzima, hata kama mteja amekaa mlangoni ananingoja. Wananiambia nazidisha, eti biskuti ikilegea kidogo nani atajua. Nawaacha waseme. Mama yule ameshamsomea mwanawe hitima, analala, anakula, anauza barafu zake. Sitaki kuvuta trei nikamkuta kijana wake ananitazama, macho wazi.